Ulizeni Kabla ya Kushika Mkasi
Barua ya wazi kwa watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu, mkoa wa Singida

Nakala: Baraza la Famasi, Mganga Mkuu na Mfamasia wa Mkoa, Singida

Ndugu zangu watoa dawa,

Nawasalimu nyote, wa Manyoni na Itigi, wa Ikungi na Ilongero, wa Kiomboi, Shelui na Nduguti, na ninyi wa mitaa ya Singida mjini. Mimi ni muuguzi mstaafu. Kazi yangu niliifanya katika mkoa huu huu, na wengi wenu mnaosimama nyuma ya kaunta leo ni wa rika la binti zangu. Nina ombi moja, nalo linahusu dawa ambayo sidhani siku inapita bila ninyi kuiuza: hayosini butilibromaidi, ile ambayo wateja wanaiita Buscopan hata pale karatasi ya vidonge ilipoandikwa jina jingine kabisa.

Mnaijua biashara yake kuliko mimi. Mteja anafika ameshika tumbo na kusema, "Nipe dawa ya kukata tumbo." Karatasi inatolewa kwenye boksi, mkasi unakata vidonge sita au kumi, vinaingia kwenye bahasha, juu yake inaandikwa 1×3, hela inapokelewa, mteja anaondoka. Maelezo ya mtengenezaji, yaliyoandikwa kwa Kiingereza na herufi ndogo, yanabaki ndani ya boksi hadi boksi litakapotupwa. Ombi langu ni kwamba kabla mkasi haujashikwa, mteja aulizwe maswali machache. Naomba mnivumilie nieleze sababu, maana sitaki mlichukue kama agizo la mtu aliyezoea kuamrisha wodini.

Dawa yenyewe siilaumu. Imetumika duniani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilipotolewa na kampuni ya Boehringer Ingelheim ya Ujerumani, na imewapa nafuu watu wengi. Utumbo una misuli inayojikunja na kulegea ili kusukuma chakula mbele. Amri ya kujikunja huletwa na neva kwa kutumia kemikali iitwayo asetilikolini. Hayosini hukaa mahali ambapo asetilikolini ingetua, msuli usipate amri, na msokoto ukalegea. Ndiyo maana dawa za jamii hii huitwa dawa zinazozuia asetilikolini. Ila kemikali hiyo haifanyi kazi utumboni peke yake. Ndiyo inayoamrisha tezi za mate na za jasho, ndiyo inayokibana kibofu kitoe mkojo, ndiyo inayoifanya mboni ya jicho isinyae, na ndiyo inayouzuia moyo usiende mbio. Ukiizuia tumboni, huwezi kuwa na hakika kwamba hujaizuia na kwingineko.

Kwa bahati njema kidonge kilitengenezwa kwa namna ambayo sehemu kubwa hubaki ndani ya utumbo; kinachoingia kwenye damu hakifiki hata asilimia 1 ya kilichomezwa, na kwenye ubongo hakipenyi kirahisi. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya, aliyekula kitu kikamkorofisha, anaweza kumeza kidonge cha miligramu 10 mara tatu kwa siku na pengine asione zaidi ya kinywa kukauka. Nasema hivi ili mjue sijaja kuwatisha. Nimekuja kwa ajili ya wale wengine, ambao huwezi kuwatambua kwa kuwatazama tu.

Naanza na jambo linalonisumbua kuliko yote. Maumivu ya tumbo ni taarifa. Kidole tumbo mara nyingi huanza na maumivu ya kitovuni, na baada ya saa kadhaa huhamia chini upande wa kulia. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huuma upande mmoja, na mama mwenyewe huenda hajajua kuwa ni mjamzito. Utumbo uliojisokota humfanya mtu avimbe tumbo, asipate choo, asitoe hata hewa. Homa ya matumbo iliyocheleweshwa inaweza kutoboa utumbo. Wote hawa, katika saa za mwanzo, watafika dirishani kwenu wakitumia maneno yale yale: tumbo linasokota. Na kwa wote hawa, kidonge kinaweza kupunguza makali kidogo, kikawapa sababu ya kulala nyumbani hadi kesho.

Kesho, katika mkoa wetu, ni mbali. Mtu wa vijiji vya Mkalama anayehitaji upasuaji atafikiria kuvuka kwenda Haydom upande wa Manyara, au kuja Singida mjini. Wa Manyoni magharibi atafikiria Hospitali ya Mtakatifu Gaspar pale Itigi. Lazima itafutwe pikipiki au gari, itafutwe nauli, apatikane wa kumsindikiza. Akiianza safari hiyo mapema jioni, huenda akafika akiwa na utumbo mzima. Akiianza baada ya usiku wa kumeza vidonge, anafika na tumbo gumu kama ubao, mapigo ya moyo yakienda mbio, presha ikishuka. Wagonjwa wa namna hiyo nimewapokea, na zaidi ya mmoja alikuwa bado ana bahasha ya vidonge mfukoni. Aliyewauzia hakuwa mtu mbaya. Hakuuliza tu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuuliza ni sehemu ya dawa.

Basi maswali ya kwanza ndiyo haya: maumivu yameanza lini, yako wapi, yamehama au yametulia mahali pamoja, umepata choo, umetapika, una homa? Akisema maumivu hayaachii kabisa, au tumbo limevimba na choo kimefunga, au ana homa, au ametapika kitu cha kijani au damu, au choo ni cheusi, usimuuzie. Mwambie aende hospitali leo hii. Na kama ni mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, hata akisema ni chango, muulize mwezi wake wa mwisho aliupata lini. Najua dirishani kuna foleni na binti hawezi kujibu hilo mbele ya majirani. Mwite pembeni. Mlango wa nyuma wa duka unatosha kwa swali la nusu dakika.

Wa pili ni wazee. Mzee wa miaka 70 mwenye tezi dume iliyokua hatasema mbele za watu kwamba mkojo unamtoka kwa matone. Ukimpa dawa inayokilegeza kibofu, mkojo unaweza kufunga kabisa, akaishia wodini kuwekewa mpira. Lakini ukimwamkia, "Shikamoo babu," kisha ukamuuliza kwa sauti ya chini usiku anaamka mara ngapi kwenda haja ndogo, atakujibu, na jibu lake litakuongoza. Muulize pia kuhusu macho. Utafiti uliofanyika wilayani Kongwa, kwa majirani zetu wa Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea wakiwa na ugonjwa wa presha ya macho. Aina iliyo hatari zaidi kwa dawa hizi, ile ambayo njia ya kutoka maji ya jicho ni nyembamba, ilikuwa sehemu ndogo ya hao. Lakini kwa mwenye aina hiyo, dawa inayopanua mboni inaweza kuleta maumivu makali ya jicho na upofu, na hakuna kipimo dukani cha kumtambua. Kilichopo ni swali tu: "Umewahi kuambiwa una presha ya macho?"

Wazee hao hao ndio wanaobeba dawa nyingi kwa pamoja, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Piritoni inazuia asetilikolini. Promethazini vilevile. Amitriptilini, ambayo wengine wanapewa kwa ajili ya maumivu ya neva au usingizi, inaizuia kwa nguvu, na ile benzeksoli wanayopewa baadhi ya wanaotumia dawa za afya ya akili kazi yake yenyewe ni hiyo. Bibi anayetumia amitriptilini usiku, akanunua piritoni kwa mafua na hayosini kwa tumbo, amejiongezea dawa ya aina moja mara tatu bila kujua, na wewe ukiangalia dirishani unaona wateja watatu wa siku tofauti. Mdomo unakauka hadi anashindwa kumeza ugali, choo kinafunga, na uzeeni fikra zinaweza kuvurugika hadi familia ikadhani amerogwa. Muulizeni ana dawa gani nyingine nyumbani. Kama hajui majina, arudi na makaratasi yake.

Kuna pia mauzo ya pamoja ambayo hayana maana, nayo ni ya kila siku. Mteja anasema anatapika na tumbo linamsokota, anapewa Plasil na hayosini kwa mpigo. Metoklopramaidi iliyo ndani ya Plasil inafanya kazi kwa kuharakisha tumbo na utumbo, hayosini inavichelewesha. Umemuuzia dawa mbili zinazovutana, na amelipia zote mbili.

Kwa watoto sitazunguka. Mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe kidonge hiki, hata nusu, hata robo. Mtoto anayeharisha anahitaji ORS na zinki, na vyote mnavyo. Vivyo hivyo kwa mtu mzima aliyeshikwa na kuhara kama maji wakati kipindupindu kinatajwa mkoani: kinachomuua ni maji na chumvi vinavyomtoka, na kidonge cha msokoto hakirudishi hata tone. Mpe ORS, mwoneshe namna ya kuichanganya, mpeleke kituoni.

Na jua letu. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, watu wanaandaa mashamba tangu alfajiri hadi jua linaposimama utosini, na upepo wa Singida ni mkavu. Mwili unajipooza kwa jasho. Dawa inayopunguza jasho, kwa mtu anayelima juani bila maji ya kutosha, inaweza kumletea joto kupita kiasi. Ni sentensi moja tu ya kumwambia: ukimeza hii, leo usikae juani muda mrefu, na unywe maji.

Lipo kundi jingine linalorudi kwenu kila wiki: wenye vidonda vya tumbo. Hawa nawahurumia zaidi, maana wanatumia fedha na hawaponi. Zamani, kabla ya mwaka 1976 ilipoingia simetidini, dawa za jamii hii kweli zilitumika kutibu vidonda, kwa nia ya kupunguza tindikali, na wagonjwa walivumilia kinywa kikavu na macho yenye ukungu kwa faida ndogo. Kisha mwaka 1982 huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumkuza maabara bakteria anayeishi kwenye ukuta wa tumbo, Helikobakta pailori, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba huyo ndiye chanzo cha vidonda vingi. Matibabu yakabadilika: kupima, kisha omeprazoli pamoja na antibiotiki kwa siku zilizopangwa, na kumaliza dozi. Mtu anayenunua vidonge vinne vya hayosini kila Jumamosi kwa ajili ya kidonda anatibiwa kwa mawazo ya miaka ya 1960. Na kama chanzo cha kidonda chake ni diklofenaki anayomeza kwa mgongo, diklofenaki hiyo huenda aliinunua hapo hapo dukani. Mwelekezeni akapimwe.

Sasa mtaniuliza: huyo ambaye maswali yote yamepita salama, nimpe nini? Mpe. Lakini kumbukeni kwamba hata kwake ipo njia nyingine. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ujerumani kwa wagonjwa zaidi ya 1,600 wenye misokoto ya tumbo ya kujirudia. Hayosini ilipunguza maumivu kuliko kidonge bandia, lakini tofauti haikuwa kubwa, na parasetamoli peke yake ilifanya karibu sawa nayo. Kwangu mimi hii ni habari njema kwa duka la kijijini. Mzee mwenye tezi dume, au mtu mwenye moyo unaokwenda mbio, akiwa na msokoto mdogo usio na dalili yoyote ya hatari, hamlazimiki kumrudisha mikono mitupu. Parasetamoli kwa kipimo chake inaweza kumsaidia bila kugusa kibofu wala jicho.

Kuhusu sindano nitasema kwa ufupi kwa sababu hapa hakuna la kujadili. Kidonge na sindano ni mambo mawili tofauti. Ikipita kwenye mshipa au msuli, dawa yote inaingia mwilini, moyo unaweza kwenda mbio na presha kuanguka. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu sindano hii kwa watu wenye ugonjwa wa moyo, baada ya taarifa za wagonjwa waliofariki, na ikataka wafuatiliwe mahali penye vifaa vya kuwaokoa. Kuchoma sindano si kazi ya duka la dawa muhimu. Mteja akija na kichupa na bomba la sindano alivyonunua kwingine na kukuomba umchome kwa sababu "wewe ni nesi," kataa, hata kama ni jirani, hata kama kweli wewe ni nesi.

Pengine wapo watakaoniona natia chumvi, kwa kuwa hawajaona jamii hii ya kemikali ikifanya madhara makubwa. Afrika Mashariki imeona. Mnanaha, ule mmea wa maua meupe marefu na matunda ya miiba unaoota kwenye mazizi na kando ya mashamba yetu ya mtama na alizeti, una hayosini na atropini ndani ya mbegu zake. Taarifa ya kitabibu iliyochapishwa mwaka 1991 ilieleza mkurupuko wa sumu ya mmea huo kwenye chakula huko Usangi, Upareni. Na Machi 2019, huko Karamoja, Uganda, watu karibu 300 wa wilaya za Napak na Amudat waliugua baada ya kunywa uji wa unga wa msaada uliochanganyika na kemikali hizo. Walichanganyikiwa, midomo ikakauka, wengine wakapoteza fahamu, na watano wakafa. Hayosini ya kwenye kidonge imebadilishwa kimaabara isifike kirahisi kwenye ubongo, kwa hiyo sisemi kwamba kidonge ni mnanaha. Nasema asili yao ni moja, na mteja anastahili kulijua hilo kama anavyostahili kujua kwamba mbegu za mnanaha zinapepetwa zitoke kabla mtama haujasagwa.

Najua pia mnafanya kazi katika hali gani. Maduka haya yalianza Ruvuma mwaka 2003, chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati huo, kwa sababu maduka ya dawa baridi yalikuwa yanauza chochote kwa yeyote. Lengo lilikuwa mtu wa kijijini apate dawa bora kutoka kwa mtu aliyefundishwa. Ninyi ndio mtu huyo. Usiku zahanati ikiwa imefungwa, ni ninyi mnaogongewa. Mwenye duka anataka mauzo, mteja ana haraka, na ukimuuliza sana anavuka barabara kwenda duka jingine ambako hawaulizi. Ndiyo maana barua hii haitoshi kuwa yenu peke yenu.

Kwenu Baraza la Famasi, na kwako Mfamasia wa Mkoa. Maswali haya yawe sharti la maduka yote, ili anayeuliza asipoteze mteja kwa sababu ya kuuliza. Mkaguzi anayepita kuangalia leseni na tarehe za kuisha dawa aangalie pia kilichoandikwa kwenye bahasha. Kwa sasa bahasha ya 1×3 haina hata jina la dawa. Mgonjwa akifika kwetu amezimia, tunashika vidonge vilivyokatwa vipande, jina limebaki upande wa karatasi uliobaki dukani. Mkoa unaweza kuchapisha bahasha zenye maelezo ya Kiswahili kwa dawa chache zinazouzwa zaidi, na hayosini iwe miongoni mwa za kwanza. Kwenye vikao vya mafunzo, itengwe saa moja kwa ajili ya tumbo peke yake, na afundishe daktari wa upasuaji, aeleze yale anayoyakuta akilifungua.

Ili pasiwe na kisingizio kwamba maneno hayapo, haya hapa ya kuanzia. Myarekebishe mnavyoona inafaa:

"Dawa hii ni HAYOSINI BUTILIBROMAIDI, miligramu 10, ya kulegeza msokoto wa tumbo. Usiitumie kama mkojo unatoka kwa shida, una presha ya macho, moyo unakwenda mbio, au una ujauzito na hujamwona mhudumu wa afya. Si ya mtoto wa chini ya miaka 6. Kinywa kinaweza kukauka na macho kuona ukungu; usiendeshe pikipiki kama huoni vizuri. Nenda hospitali LEO kama maumivu hayaachii, tumbo limevimba, choo kimefunga, una homa, unatapika sana, au umeona damu. Jicho likiuma ghafla na kuwa jekundu, au mkojo ukifunga, acha dawa na uende hospitali. Nenda na bahasha hii."

Wenu katika kazi,

Muuguzi mstaafu,
Singida